Hofu ya Kiti cha Meno: Mwongozo Kamili wa Kuituliza na Kumpata Daktari Anayefaa

Jino likianza kugonga usiku, wengi hununua panadoli, husukutua maji ya chumvi, kisha husubiri. Maumivu yakipoa wanasema limepona. Halijapona: mara nyingi neva iliyo ndani ya jino imekufa, na kinachofuata ni usaha. Jino ambalo lingezibwa kwa nusu saa mwanzoni linakuja kutibiwa mzizi (kusafishwa ndani na kuzibwa) kwa gharama kubwa, au linang'olewa likiwa limevimba, wakati ambapo hata ganzi hushika kwa shida. Kwa hiyo anayechelewa kwa kuogopa maumivu huishia kwenye matibabu yanayouma zaidi.

Hofu ya meno ina dawa, ila kila hofu ina dawa yake. Tuanzie hapo.

Hatua ya 1: Itaje hofu yako kwa jina

"Naogopa daktari wa meno" ni kauli isiyomsaidia mtu. Andika kwenye karatasi au simu kitu chenyewe kinachokutoa jasho. Ni sindano? Mlio wa mashine? Maji kujaa kooni na kuhisi kukabwa? Aibu ya meno yaliyooza? Bei? Au ni siku ile ya utotoni uliposhikwa miguu na mikono na kung'olewa jino kabla ganzi haijashika?

Anayeogopa mlio na mtikisiko wa mashine aulize kama tundu lake linaweza kusafishwa kwa vyombo vya mkono. Njia hiyo haitumii mashine, na mara nyingi haihitaji sindano: daktari hukwangua sehemu laini iliyooza kwa vijiko vidogo vya chuma, kisha huziba kwa simenti inayotoa floridi. Mbinu hii ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe dunia nzima. Inafaa zaidi kwa tundu lililo upande mmoja tu wa jino. Tundu kubwa lililokula pande mbili au tatu halidumu vizuri kwa njia hiyo, na lililofika kwenye neva halifai kabisa.

Anayekabwa au kusikia kichefuchefu aombe kiti kisilazwe sana, apumue kwa pua, na anyanyue mguu mmoja inchi chache na kuushikilia hewani wakati wa kupigwa picha ya eksirei. Inachekesha, lakini akili ikishughulika na mguu huacha kulishughulikia koo.

Anayezimia akiona sindano ana tatizo la presha kushuka ghafla. Kuambiwa "tulia, legeza mwili" kunamzidishia. Yeye akaze misuli ya mapaja, tumbo na mikono kwa sekunde 10 hadi 15, alegeze kidogo, arudie mara tano. Na achomwe akiwa amelala, si ameketi wima.

Mwenye aibu ajue kwamba daktari wa meno hufanya kazi ndani ya vinywa vilivyooza kila siku. Akikukaripia mbele ya watu kwa meno yako, umeshapata jibu moja kuhusu yeye, ondoka.

Hatua ya 2: Ielewe ganzi

Hapa tukae kidogo, maana hofu nyingi zina mzizi wake hapa.

Ganzi ya kawaida ni lignokaini ya asilimia 2 iliyochanganywa na adrenalini kidogo sana. Kazi ya adrenalini ni kubana mishipa ya damu ili dawa isiondoke haraka. Huja katika kichupa cha kioo cha 1.8 ml kinachoingia kwenye bomba la chuma, au katika chupa kubwa inayochotwa kwa bomba la plastiki. Kichupa ni cha mgonjwa mmoja. Kama ni chupa kubwa, bomba na sindano vinavyoichota lazima viwe vipya, vifunguliwe mbele yako.

Kinachouma si kuchomwa tu. Zaidi ni dawa kusukumwa kwa pupa. Daktari makini hukausha ufizi kwa pamba, hupaka jeli ya ganzi na kuiacha dakika 1 hadi 2, huvuta mdomo wako ukaze, kisha husukuma dawa polepole, karibu dakika nzima kwa 1 ml. Una haki ya kusema: "Daktari, naomba unipake jeli kwanza, na usukume taratibu." Si dharau, ni ombi la kawaida.

Kisha inakuja subira. Meno ya juu hushika kwa dakika 2 hadi 3 kwa sababu mfupa wake una vitundu vingi na dawa hupenya. Magego ya chini yamefunikwa na mfupa mgumu, hivyo sindano hupigwa nyuma kabisa, karibu na mahali neva inapoingia tayani, na inaweza kuchukua dakika 5 hadi 10. Zahanati yenye foleni ndefu huiba dakika hizi. Mdomo wa chini ukifa ganzi ni dalili nzuri, lakini si uthibitisho kwamba jino lenyewe limekufa ganzi. Kabla ya kuanza, daktari agonge jino au aguse ufizi kwa chombo chenye ncha, nawe useme ukweli. Ukihisi kusukumwa na kubanwa, hiyo ni kawaida, maana ganzi huzuia maumivu na haizuii mguso. Ukihisi mchomo mkali, inua mkono.

Kwa nini ganzi hukataa? Sababu kubwa ni uvimbe. Palipo na usaha pana asidi, na asidi hudhoofisha dawa. Ndiyo maana jino lililokesha likiuma ni gumu kutia ganzi kuliko lile ulilowahi mapema. Sababu nyingine ni neva kupita njia tofauti kidogo kwa watu tofauti, au daktari kuharakisha. Tiba yake ni kusubiri, kurudia sindano, au kuchoma sindano ya ziada katika upenyo kati ya jino na mfupa. Mara nyingine huwa ni kutoa usaha kwanza na kumalizia siku nyingine.

Sindano ya pili huwatia watu wasiwasi wa dawa kuzidi. Tupige hesabu: kwa kiwango cha tahadhari cha miligramu 4.4 kwa kila kilo, mtu mzima mwenye afya wa kilo 60 anaweza kupokea miligramu 264. Kichupa kimoja kina 36. Hiyo ni vichupa saba, na kazi za kawaida hutumia kimoja hadi vitatu. Kwa mtoto wa kilo 20 hesabu inabana: miligramu 88, yaani vichupa viwili, basi.

Moyo ukidunda kwa nguvu mara baada ya sindano, huo kwa kawaida ni ujumbe wa adrenalini, na hupita kwa dakika chache. Watu wengi wanaosema "ganzi inanikataa" walipatwa na hilo, au walizimia kwa woga. Mzio halisi wa lignokaini ni nadra sana. Hata hivyo mweleze daktari kilichotokea, kwa undani. Na kama unatafuna mirungi, acha siku hiyo na useme: nayo hupandisha mapigo na presha.

Kubaliana na daktari ishara ya kusimama kabla hajaanza. Mkono wa kushoto ndio unaofaa, kwa sababu yeye mara nyingi hukaa kulia kwako na mkono wa kulia ungegonga vyombo. Ijaribuni mara moja kabla ya kazi. Mgonjwa anayejua kwamba akiinua mkono mashine inazima huvumilia zaidi ya yule asiyejua.

Maneno ya mtaani yanayozidisha woga

"Uking'oa jino la juu unapofuka." Neva za jino na za kuona ni tofauti, kung'oa jino hakuharibu macho. Kinachoweza kufika jichoni ni usaha wa jino lililoachwa.

"Kusafisha meno kunayalegeza." Ukoga uliogeuka jiwe hujenga ukuta kati ya meno ambayo mfupa wake umeshaliwa. Jiwe likitolewa, ulimi unakutana na pengo na meno yanatikisika, nawe unamlaumu aliyesafisha. Jiwe ndilo lililokula mfupa. Meno kusisimka kwa maji baridi siku kadhaa baadaye ni kawaida.

"Jino likivimba haling'olewi mpaka ule dawa." Si kanuni. Mara nyingi kulitoa ndiko kunakotoa usaha. Daktari huamua kwa kuangalia kama mdomo unafunguka na kama ganzi inashika. Kumeza amoksilini ya duka la dawa kila jino likiuma hupunguza uvimbe kwa muda, huku chanzo kikibaki ndani ya jino.

Mafuta ya karafuu, hayo yana kazi kweli: tone moja kwenye pamba ndogo, ndani ya tundu, hutuliza kwa saa chache. Yakimwagika kwenye ufizi huunguza. Asprini iliyosagwa na kuwekwa juu ya ufizi huunguza zaidi, na maji ya betri usiyaguse kabisa.

Hatua ya 3: Kumchagua daktari

Anza na leseni. Tanzania Bara madaktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Zanzibar ina baraza lake. Kenya ni baraza la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC, ambalo orodha yake unaweza kuipekua mtandaoni kwa jina. Cheti kilichoning'inizwa ukutani kiangalie mwaka, kwa sababu kuna cha usajili na kuna leseni ya kufanya kazi inayohuishwa.

Kisha jua unayekutana naye. Daktari wa meno amesoma shahada ya miaka mitano chuo kikuu, kama Muhimbili au Nairobi, na mwaka wa mafunzo ya kazi. Tabibu wa meno ana stashahada. Anang'oa meno ya kawaida, anaziba na kusafisha, na katika vituo vingi vya afya vijijini ndiye pekee aliyepo. Si vibaya kutibiwa naye kazi iliyo ndani ya uwezo wake. Tabibu mzuri hujulikana kwa kukuandikia rufaa mapema. Fundi sanifu wa meno hutengeneza meno bandia maabara na hatibu mdomoni. Anayekufunga waya za meno saluni, au kukupaka dawa ya kung'arisha meno dukani, hayumo katika orodha hii.

Jambo moja kwa watu wa Arusha, Kilimanjaro na Bonde la Ufa: meno ya kahawia kwa wengi husababishwa na floridi nyingi katika maji ya kunywa utotoni. Hayajaoza. Mtu akikuambia yote yachongwe na kuvikwa kofia (ganda bandia linalofunika jino lote), tafuta maoni ya pili. Kuna njia nyepesi za kupunguza rangi bila kuyala meno mazima.

Piga simu kabla ya kwenda. Mfano: "Habari za asubuhi dada. Naomba miadi na daktari. Gego la chini kulia linaniuma, na nina woga mkubwa wa sindano, kwa hiyo naomba muda ambao daktari hana haraka. Kumwona na kupiga picha ni bei gani? Mnapokea bima?" Sikiliza anavyojibu. Akicheka woga wako, andika jina la kliniki nyingine.

Ukifika, macho yafanye kazi. Vyombo vitoke katika mfuko uliofungwa, karatasi upande mmoja na plastiki upande mwingine, ufunguliwe mbele yako. Mfuko una alama ndogo inayobadilika rangi ikipita kwenye joto. Alama hiyo inasema mfuko uliingia kwenye mashine ya mvuke. Haithibitishi kila kitu, ila mfuko ambao rangi haijabadilika ni wa kurudishwa. Mvuke unaotakasa vyombo ni wa nyuzi 121 kwa angalau dakika 15, au 134 kwa dakika 3 na zaidi. Koleo lililotolewa kwenye beseni la dawa na kufutwa na kitambaa halijatakaswa. Glavu ni mpya kwa kila mgonjwa, na mkono wenye glavu usishike simu kisha ukarudi mdomoni. Kuuliza "vyombo mnavitakasa vipi?" hakumuudhi anayefanya sawasawa, wengi watakuonyesha mashine yenyewe.

Zaidi ya usafi, pima mazungumzo. Daktari anayefaa huuliza historia ya afya kabla ya kukufungulia mdomo, hupiga picha pale penye shaka, na hukuonyesha anachokiona. Picha ndogo ya jino moja ina mionzi karibu sawa na ile unayoipata kwa siku moja ya kawaida duniani, basi isikutishe. Muulize haya manne: Tatizo ni nini hasa? Nisipofanya chochote itakuwaje? Kuna njia nyingine, na kila moja ina bei gani mpaka mwisho? Nikipata shida usiku nimpigie nani?

Hilo la "mpaka mwisho" ndilo linalozaa ugomvi. Matibabu ya mzizi huweza kuchukua ziara moja hadi tatu, na gego lililotibiwa kwa kawaida huhitaji kofia, la sivyo linapasuka. Bei uliyotajiwa mara nyingi haina kofia. Kwa bima vilevile: uliza kipengele kwa kipengele, kwa maana kung'oa kunaweza kulipiwa na kofia isilipiwe. Kwa Wakenya, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, SHA, imechukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, kwa hiyo usitegemee kumbukumbu ya kadi ya zamani.

Kimbia haya: anayetaka kung'oa kabla ya kuangalia, anayesema meno saba yana matundu bila kukuonyesha hata moja, anayedai ulipe mapema matibabu yote ya miezi ijayo, anayekataa kukupa picha yako.

Hatua ya 4: Siku yenyewe

Omba asubuhi, ili woga usikutafune kutwa. Kula: chai na mkate au uji, saa moja au mbili kabla, maana tumbo tupu ni mlango wa kuzimia. Isipokuwa umeambiwa utalazwa usingizi; hapo fuata maagizo ya kufunga. Usinywe pombe ya kujipa moyo. Mwenye kisukari ale na kumeza dawa zake kama kawaida.

Kabla ya kulala kitini, sema haya bila kungoja kuulizwa:

- Presha. Ikisoma 180/110 au zaidi, kazi isiyo ya dharura huahirishwa.
- Dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini. Usiziache mwenyewe, daktari ataomba kipimo cha INR (kinachoonyesha damu inavyochelewa kuganda), na wengi hung'olewa salama ikiwa chini ya 4.
- Sikoseli, pumu, vidonda vya tumbo, figo, ini.
- Vali bandia ya moyo, maana utahitaji antibiotiki kabla.
- Dawa za kuimarisha mifupa, hasa za sindano: huchelewesha taya kupona.
- Ujauzito. Miezi ya kati ndiyo yenye raha kitini, lakini jino lenye usaha hutibiwa mwezi wowote.

Ukiwa kitini vuta pumzi kwa hesabu ya 4, toa kwa hesabu ya 6. Watu wengi hubana pumzi bila kujua.

Mtoto

Ziara ya kwanza iwe kabla ya kutimiza mwaka mmoja, ya kuhesabiwa meno tu, asizoee kukutana na kiti akiwa na maumivu. Usimtishie, "Ukila pipi daktari atakuchoma sindano." Wala usimwahidi kwamba haitauma, akigundua umemdanganya, hatakuamini mara ya pili. Mwambie atasikia kubanwa kidogo, kisha jino litalala. Baada ya ganzi mlinde saa 2 hadi 3 asitafune mdomo wake. Watoto huamka na mdomo uliovimba na wazazi hudhani ni kosa la daktari.

Kuhusu "meno ya nailoni": hayapo. Yale meupe yanayong'olewa kwa mtoto mchanga mwenye homa na kuharisha ni vichipukizi vya meno yake halisi. Kuyachokoa huleta maambukizi, na watoto wamekufa. Homa ya mtoto ipelekwe hospitali.

Hatua ya 5: Baada ya kung'olewa

Ng'ata pamba ya hospitali dakika 30 hadi 45 bila kuitoa kuichungulia. Damu inayochanganyika na mate mpaka kesho yake ni kawaida. Ikibubujika, kunja kitambaa safi chenye unyevu, kiweke juu ya shimo, ng'ata dakika 30 ukiwa umeketi. Ikikataa, rudi.

Saa 24 za kwanza usisukutue, usiteme kwa nguvu, usivute sigara, usinywe kwa mrija. Bonge la damu lililo shimoni ndilo kidonda kinapoponea. Kesho yake sukutua taratibu: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji vuguvugu, kila baada ya chakula.

Kwa maumivu, mtu mzima asiye na kizuizi hupata nafuu kubwa kwa ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli gramu 1, meza kabla ganzi haijaisha. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa siku. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, mjamzito, au pumu inayochochewa na asprini asiguse ibuprofeni.

Maumivu yanatakiwa kupungua siku hadi siku. Yakipanda siku ya 2 hadi ya 4, makali, yenye harufu mbaya, mpaka sikioni, bonge limetoka na mfupa uko wazi. Hutokea zaidi kwa wavutaji na kwa magego ya mwisho ya chini. Antibiotiki si dawa yake. Rudi, shimo lioshwe na kuwekewa dawa ya kutuliza, na nafuu huja upesi.

Uvimbe ukishuka chini ya taya na shingoni, ulimi ukainuka, ukashindwa kumeza mate, kufungua mdomo au kupumua vizuri, hapo si suala la kliniki ya meno tena. Nenda hospitali kubwa yenye upasuaji usiku huo huo, ukiwa umeketi wima garini, usilale chali.